Pembe ya Birika la Juu

Sultani Nuaimani bin Hizami aliutawala mji wa Kaysuna, uliojengwa ngazi kwa ngazi katika ubavu wa mlima mkavu, na chemchemi ya mji ilikuwa moja tu, kileleni, na maji yake yaliteremka kwa mfereji, yakapita kwanza katika mabirika ya matajiri, kisha ya mafundi, kisha yakaishia kwa maskini bondeni. Na ilikuwa ada ya mji kwamba kila birika la juu litoe zaka ya maji, yateremshwe chini kabla mwenye nyumba hajateka yake.

Siku moja Waziri Shurahbili, mtu msomi asiyekula rushwa, aliinama mbele ya kiti cha enzi akasema, "Ewe mola wangu, wenye mabirika makubwa ndio wenye bustani, na ndio wanaoajiri watu. Tuwasamehe zaka, yajae mabirika yao upesi, na yakishajaa yatafurika, na maji yaliyofurika huenda wapi kama si chini?"

Sultani, aliyewapenda raia wake wote, alikubali, na akaamuru kila nyumba ya juu ipewe pembe ya nyati, ili birika likifurika mwenyewe aipulize, na walio bondeni watoke na mitungi yao.

Basi nyumba ya kwanza chini ya chemchemi ilikuwa ya Jirjisi, tajiri wa ubani, Mnasara kutoka Uhabeshi. Katika Kaysuna nzima hapakuwa na Mnasara mwingine ila Tekla, mjane wa bondeni, mtia nguo rangi, na kila Jumapili Tekla alipanda ngazi akaja kusali naye katika chumba chenye mikeka miwili. Na dasturi ya watu wao ni kwamba mtu hajinawishi mwenyewe kabla ya sala. Sharti mwenzake ammiminie maji mikononi.

Baada ya amri ile Jirjisi aliongeza watunza bustani wawili, akamshukuru Mungu. Lakini miezi ilipita, na pembe yake ilining'inia ukutani, na Tekla akaacha kuja. Jirjisi alikaa na mkeka wake mbele ya mkeka mtupu, akajimiminia maji kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine, akaiacha sala. Hatimaye akashuka kumtafuta.

Jirani wa Tekla, Bi Ruzuna, alimwona wa kwanza. "Jamani, mwenye pembe huyo! Vipi, Bwana Jirjisi, midomo imekauka, au hujui kupuliza?"

"Birika langu halijajaa, Bi Ruzuna."

"Mwaka mzima? Birika gani hilo, au tumbo la nyangumi?"

Ndani kwa Tekla, mapipa ya rangi yalikuwa makavu, na rangi ya nili imepasuka pasuka kama matope ya kiangazi. Tekla alitwaa kikombe cha maji, ndicho pekee alichokuwa nacho, akakinga bakuli, akammiminia Jirjisi mikononi.

"Mbona hukuja, dada yangu?"

"Ningekujaje, ndugu yangu? Mchana kutwa nakaa hapa nasikiliza pembe. Nikitoka, nisiisikie?"

"Nitakuletea mitungi kumi."

"Utaniletea mimi. Na Bi Ruzuna je?" Akayatazama maji yaliyobaki bakulini. "Sisemi mali ni haramu. Ningekuwa nayo, ningeifurahia. Ila imani yetu haikutufundisha kunawa peke yetu."

Jirjisi alirudi akiwa mzito, akaenda moja kwa moja birikani. Na ajabu! Ukuta aliokuwa akiuegemea kwa kiwiko sasa ulimpita kichwa. Naye hapo kale, msafara wao ulipopotea jangwani, nduguze wote walikufa kwa kiu, na mmoja akamwachia pete ya shaba. Pete ile aliijengea katika ukuta huu, akisema, "Nisione kiu tena." Sasa akaisugua, na mvuke ukapanda, ukawa jini mwenye ndevu za ukungu.

"Labeka, bwana wangu."

"Nani amekuamuru kuupandisha ukuta huu?"

"Wewe. Kila maji yalipoukaribia ukingo ulishtuka, ukasema moyoni, 'Na mwakani je?' Nami nikaongeza jiwe. Matajiri wengine hawana jini, huongeza mawe wenyewe."

"Na nikiubomoa?"

"Nitakuwa huru, nawe utaona kiu kama watu wengine."

Jirjisi aliwakumbuka nduguze na midomo yao myeusi. Kisha akatwaa sururu, akapiga penye pete, na ukuta ukafunguka, na maji yakateremka mferejini kwa kishindo, na jini akatoweka bila kuaga. Akaipuliza pembe. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Mara ya pili mji wote ukasikia.

Sultani akaruka kitini. "Waziri! Limefurika! Ulisema kweli!" Akaamuru Jirjisi aletwe, avikwe joho la heshima.

Jirjisi angeweza kunyamaza, akavaa joho. Lakini alisema, "Mola wangu, halikufurika, na lisingefurika kamwe. Nimelibomoa." Akaeleza yote, hata habari ya hofu yake.

Watu wakangoja hasira ya Sultani. Waziri Shurahbili ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo: "Nilipima maji, mola wangu. Moyo wa mwenye birika sikuupima." Sultani akamshika mkono, wala hakumwadhibu yeyote, akairudisha zaka, na ukingo wa kila birika ukawekewa alama isiyopitwa.

Jirjisi akamposa Tekla, naye akakubali. Bustani ilipungua, mapipa ya rangi yakajaa, na miaka mingine kiangazi kilimkuta Jirjisi na kiu, akaivumilia. Siku ya harusi ikaonekana kwamba mikono ya maarusi imeshikana, na hakuna Mnasara wa tatu wa kuwamiminia. Bi Ruzuna akasukuma watu, akatwaa mtungi.

"Leteni hapa," akasema. "Kumbe mkono wa tajiri nao hulowa!"

Nawe uliyesikia, ukiwa na birika, usingoje lifurike, maana hofu ya mwenye nacho haina ukingo. Toa maji yangali kiunoni, upate wa kukunawisha.