Bakuli Tupu la Bi Digidigi

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanajipikia na kutandika vitanda vyao wenyewe, palikuwa na kitongoji kimoja kando ya mto uliokauka. Mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili. Mashamba yote yaliungua, isipokuwa la Mama Ndovu, aliyekaa juu mlimani penye chemchemi. Kwake maboga yalizaa, kunde zilizaa, na moshi wa jikoni haukukatika.

Basi Mama Ndovu akaamua kuwalisha majirani zake. Hawakumwomba. Aliwaona tu, akawahurumia, na msinitafutie sababu nyingine maana haipo. Kila asubuhi alipika sufuria kubwa la kunde na maboga, akapakua mabakuli, moja kwa kila nyumba.

Shida ilikuwa kupeleka. Kila aliposhuka kitongojini alibomoa ua wa mtu. Siku moja aligeuka vibaya akaangusha jiko la Fisi, porooo, na Fisi mwenyewe yumo ndani. Kwa hiyo akamwita Nguchiro, mdogo, mwepesi, mwenye maneno kuliko mwili, akamwomba awe anapeleka yeye. Nguchiro akakubali hata kabla hajamaliza kuombwa. Mkimwona mtu anakubali kazi upesi namna hiyo, mwangalieni vizuri.

Sasa, nyinyi mnaijua desturi ya majirani. Jirani akikuletea chakula kwenye bakuli lake, unaona haya kumrudishia tupu. Unatia hata ndimu mbili, hata fungu la mboga. Ni desturi nzuri, mama yangu alinifunza, nami siikatai. Lakini Nguchiro aliigeuza ikawa mtego.

Siku ya kwanza majirani walikula, wakashiba, na jioni wakamwuliza kama mabakuli yanaweza kurudi hivyo hivyo, maana njaa haikuwaachia kitu. Nguchiro akawatazama kwa huruma. Akawaeleza kwamba Mama Ndovu ni mtu wa heshima, kwa kinywa chake hawezi kusema, lakini kila bakuli likirudi hulichungulia. Anayerudisha kizuri ataendelea kupata. Anayerudisha hafifu, mh, hapo yeye Nguchiro asingependa kuingia.

Toka siku hiyo watu hawakulala usingizi mzuri. Nyati, pamoja na ukubwa wake wote, alitia kichwa ndani ya mzinga wa nyuki, zzzz, mpaka jicho moja likavimba likafunga, apate asali ya kurudisha. Kiboko alishinda akifukua tope la mto kutafuta kambare waliobaki. Fisi alitia mayai. Aliyatoa wapi sijui, na hakuna aliyemwuliza.

Jioni Nguchiro alipita, kolo kolo kolo, mabakuli yamejaa kichwani. Akifika nyuma ya kichuguu anaketi, anakula kila kitu, analamba mabakuli mpaka yanang'aa, kisha anayapandisha mlimani matupu. Ikawa hivyo kila siku. Tumbo likaanza kumtangulia njiani.

Ukingoni mwa kitongoji alikaa Bi Digidigi, mjane mwenye miguu kama vijiti, na mwanawe wa kunyonya. Jioni ya kwanza ya kurudisha alitia ukwaju. Jioni ya pili alitia kuni kidogo alizookota. Nguchiro akazitazama zile kuni kwa uchungu, kwa kuwa kuni hazilambwi, akasema Mama Ndovu anazo tele. Jioni ya tatu mama wa watu hakuwa na kitu kabisa.

"Bakuli tupu silichukui," Nguchiro akamwambia. "Kaa nalo. Ukipata cha kutia, utaniita."

"Na kesho utaniletea chakula?"

"Kesho tutaona, dada."

Kesho yake akapita mlango wake bila kutazama. Kesho kutwa vilevile. Kumbe huko juu sehemu ya Bi Digidigi ilipakuliwa kama kawaida kwenye bakuli jingine, na Nguchiro akaimaliza njiani. Maziwa yakaanza kumkauka yule mama. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu, halafu akawa analia kidogo tu, na kile kilio kidogo kilimtisha mama yake kuliko kile kikubwa.

Siku ya tatu jua likiwa limeanza kuinama, Bi Digidigi alimfunga mtoto mgongoni, akachukua lile bakuli, akaanza kupanda mlima. Hakuwa anakwenda kuomba. Alijiambia kwamba kufa njaa ni jambo moja, lakini kufa na bakuli la watu ndani ya nyumba ni aibu ambayo hataiweza.

Nyati, Kiboko na Fisi walimwona akipita na bakuli tupu mkononi. Wakashangaa. Wakamfuata kwa mbali, wapate kuona atakavyofukuzwa. Majirani hao, nanyi mnao wa kwenu.

Bi Digidigi akafika, akapiga hodi. Mama Ndovu akamkaribisha ndani, lakini yeye akabaki palepale mlangoni.

"Siingii, mama. Nimekuja kukurudishia bakuli lako. Nisamehe, ni tupu. Nimetafuta siku tatu, sikupata cha kutia."

Mama Ndovu akaweka upawa chini. "Cha kutia cha nini?"

"Cha kurudisha, mama. Ili usitukatie."

"Nani amekwambia nitakukatia?"

Bi Digidigi akamweleza mambo yote: ukwaju, kuni, jicho la Nyati, na mlango wake uliopitwa. Mama Ndovu alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamtiririka, na ndovu akilia si machozi ya kufuta kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "mabakuli yote yamekuwa yakirudi hapa matupu, yamelambwa. Nami kila jioni nikiyaona hivyo nafurahi, nasema, leo wameshiba. Sikuwa nangoja kitu kingine." Kisha akainama amtazame yule mgongoni. "Mtoto ameshaanza kula kunde za kupondwa?"

Hakungoja jibu. Alizipondaponda upesi, akampa mama yake, na mama akamlisha mtoto kwa ncha ya kidole. Mtoto akameza. Akafungua mdomo tena. Bi Digidigi akakaa chini papo hapo.

Wakati huo huo, kolo kolo kolo, Nguchiro akatokea njiani na mabakuli yake matupu, asali imeganda kwenye masharubu. Alipomwona Bi Digidigi akageuka arudi alikotoka, lakini nyuma ya ua walikuwa wamesimama wale watatu, nao walikuwa wamesikia yote. Nyati akamkanyaga mkia. Mabakuli yakaanguka, paraganyaa.

"Asali yangu!" Nyati akasema. "Nimepoteza jicho wiki nzima kwa ajili ya tumbo la huyu. Mama Ndovu, niachie nimfundishe adabu. Na tangu leo mimi nipewe bakuli kubwa kuliko la wengine, maana hakuna aliyehangaika kama mimi."

Mama Ndovu akamjibu taratibu. "Siku ile ya kwanza, Nyati, kabla hujarudisha chochote, bakuli lako lilikuwa dogo?"

Nyati akafikiri. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni.

Nguchiro, mkia wake ukiwa bado chini ya kwato, akaanza kujadiliana, kwa kuwa kazi ya ulimi wake ndiyo hiyo. Atalima misimu saba. Atachota maji. Atabeba mabakuli maisha yake yote, wala hataonja hata tone, mpaka awe amelipa uovu wake wote. Mama Ndovu alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Kisha akaingia jikoni, akatoka na bakuli la kunde na maboga, akaliweka mbele yake.

"Kula."

"Nianze na kazi gani kwanza, mama?"

"Kula, Nguchiro. Hili ni lako. Kila siku napakua lako kabla ya la mtu yeyote, linapoa hapo jikoni, kwa kuwa unachukua ya wenzako na kukimbia. Hukuwahi hata kuuliza kama umewekewa."

Nguchiro akalitazama lile bakuli. Wiki nzima alikuwa amedanganya, amejificha nyuma ya kichuguu, amekula kwa hofu huku akigeukageuka, na chakula chake kimekaa pale jikoni kikimngoja. Akatia tonge mdomoni. Yule aliyemaliza asali ya Nyati kwa mikupuo miwili, sasa alitafuna tonge moja, akatafuna, akatafuna. Akalia. Na mkifikiri alikuwa anaigiza, mimi nawaambia safari hii hakuigiza, wala kuanzia siku hiyo hakuna bakuli lililopotea njiani.

Mama Ndovu akatandika mkeka uani, akawapakulia wote. Kiboko akaketi, akala. Fisi akaketi hata kabla ya Kiboko, mnamjua Fisi. Nyati alikataa kukaa mkeka mmoja na mwizi. Alisimama nje ya ua akipiga kwato, na Mama Ndovu akamtolea bakuli lake hukohuko nje, akalifunika lisipoe, akamwambia kwamba mlango haujafungwa. Kama aliingia au hakuingia, mwulizeni yeye.

Bi Digidigi ndiye aliyemaliza wa mwisho, kwa sababu alikuwa akimlisha mtoto kwanza. Mtoto alikuwa amelala sasa, tumbo limejaa. Lakini mama yake, na bakuli mkononi, alikuwa akitazama huku na huku chini, chini ya mkeka, kandokando ya ua, anatafuta walau jani la kutia.

Mama Ndovu akalichukua mkononi mwake likiwa tupu, akalijaza tena.

Neema ya Mungu ndiyo hiyo, wanangu: ni zawadi, nayo hupokelewa kwa mikono mitupu.