Nafasi ya Mstari Mmoja

Hii nimeletewa na mjomba wangu, naye hakumbuki aliletewa na nani. Nimeisoma chai ikapoa mezani. Isomeni taratibu, na tafadhali msirukie mwisho.

Miaka ile Vita Kuu ya Kwanza inawaka Ulaya, jijini Lisbon, nchini Ureno, palikuwa na fundi aitwaye Anselmo. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Siku hizo hakuna kompyuta, jamani. Kila herufi ilikuwa kijipande cha madini ya risasi kinachokaa kwenye kisanduku chake. Fundi huokota kimoja kimoja, akapata neno, akapata mstari, mpaka ukurasa mzima ukasimama. Ukishachapwa, huubomoa, na kila herufi hurudi kisandukuni kungoja kazi nyingine.

Anselmo alikuwa na miaka thelathini na minane katika kazi hiyo. Alishapanga vitabu vya sala, matangazo ya mazishi na karatasi za kubandika kwenye chupa za dawa ya kikohozi. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliweza kupanga ukurasa huku anabishana siasa, na mara nyingi ndivyo alivyofanya.

Siku moja wakaja vijana watatu na jarida lao. Waliliita Dirisha. Msemaji wao alikuwa Duarte, kijana mwembamba ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Ndani ya jarida hilo hamkuwa na waridi wala mbalamwezi. Mlikuwa na mashairi yanayozungumza na winchi za bandarini na tramu, yale magari ya reli ya barabarani, mashairi yasiyo na vina, na moja lililokuwa na orodha ya mabango ya maduka.

Toleo la kwanza lilipotoka, mji mzima ulicheka. Magazeti yaliandika kwamba waandishi wake wapelekwe hospitali ya vichaa, tena haraka. Watu walilinunua wakalisoma kwa sauti mikahawani huku wameshika mbavu. Likaisha lote. Toleo la pili nalo likachekwa, nalo likaisha.

Anselmo alicheka kabla ya wote, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaona mashairi hayo mapema.

Toleo la tatu lilikuwa na shairi refu la Duarte, mistari arobaini. Na Duarte alikuwa msumbufu. Alibadilisha mpangilio wa ukurasa, Anselmo akalipanga shairi upya. Akabadilisha tena, likapangwa mara ya tatu. Fundi alipanga huku ananung'unika, akili yake iko kwenye supu ya mchana. Maneno yalipita vidoleni bila kupita kichwani.

Kisha, kabla toleo halijachapwa, vijana wakaitwa vitani, wote watatu. Duarte alikuja kiwandani amevaa sare iliyomzidi.

"Fundi, samahani, mstari wa thelathini na tisa. Nimeuandika upya wote."

"Hata sare haijakukaa, unataka kunisumbua na mimi?"

Lakini akaupanga, mara hiyo moja tu, akauingiza mahali pake.

"Utanitunzia ukurasa wangu?" Duarte akauliza.

"Utakaa hapa hapa mpaka urudi, kijana. Nenda salama."

Sasa, kiwandani mle palikuwa na desturi. Ukurasa ukishapangwa na kusahihishwa, karatasi ya mwandishi hutumika kuwashia jiko. Karatasi ya majaribio, iliyopigwa kwa kusahihishia, Duarte aliikunja akaondoka nayo kifuani. Kwa hiyo, ukiacha karatasi hiyo, shairi zima, pamoja na mstari ule mpya, lilibaki mahali pamoja tu duniani, yaani kwenye rafu ya Anselmo, kwa herufi za risasi.

Miezi minane ikapita. Bi Leokadia, mjane mwenye kiwanda, akasimama mbele ya rafu.

"Fundi, kalenda ya wakulima inaanza leo na herufi hazitoshi. Libomoe lile shairi la wendawazimu."

"Nilimwahidi kijana, Bibi."

"Ulimwahidi herufi zangu?"

Anselmo akakuna kidevu. Kupaka wino na kupiga nakala moja kungemchukua dakika mbili. Hakuona haja. Nani angekuja kuuliza habari za winchi?

Ukurasa hubomolewa kutoka chini kwenda juu. Fundi hushika mstari wa mwisho mkononi, akausoma ili ajue herufi zirudi wapi, akazidondosha, akachukua ulio juu yake. Mstari wa mwisho ulisema hivi: *basi, mama, nifundishe tena jina la kitu kimoja kimoja.* Akaudondosha. Ule wa thelathini na tisa akaudondosha huku anamjibu Bi Leokadia habari za bei ya karatasi.

Akaendelea. *Tramu ililia kwa ajili ya mtu aliyeshuka.* Hm. *Winchi iliinua mzigo kwa upole, mtoto amelala asiamshwe.* Mkono ulikuwa mwepesi, lakini sasa kichwa kilianza kuufuata. Alitaka kujua huyu anamwambia nani mambo haya yote. Bi Leokadia alimsemesha, hakusikia.

Akafika mstari wa kwanza. *Mama, uliniuliza nimeona nini mjini, nami nikaona haya kujibu.*

Anselmo akakaa kwenye stuli.

Yeye mwenyewe aliingia Lisbon akiwa na miaka kumi na minne, akitokea vijiji vya milimani kaskazini. Aliporudi nyumbani mara ya kwanza, mama yake alimkalisha jikoni, akamuuliza swali hilo hilo. Naye alijibu, "Nyumba nyingi tu." Mama alikufa mwaka uliofuata, na hilo ndilo jibu alilokwenda nalo.

Kumbe shairi zima lilikuwa jibu. Winchi, tramu, mabango ya maduka, kelele zote zile zilizochekwa, zilikuwa mtoto anamsimulia mama yake asiyewahi kufika mjini. Anselmo aliona mambo yote aliyoyaona siku ile ya kwanza, akiwa na kofia mkononi na mdomo wazi. Alikuwa ameshika mkononi kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kupita kiwandani mle, na kilikuwa kimebaki mstari mmoja.

Aliinua macho akatazama visanduku. Lilikuwa humo lote, herufi kwa herufi, na halikuwa popote. Jioni ile herufi zile zile zilikuwa zinawaambia wakulima lini wapande vitunguu.

Miaka miwili baadaye mlango ulifunguliwa, akaingia Duarte. Gesi ya vitani ilimla mapafu na sauti yake ilikuwa mnong'ono. Wenzake wawili hawakurudi. Ile karatasi ya majaribio ilibaki kwenye matope ya Ufaransa.

"Fundi," akasema, "nimekuja kuuona ukurasa wangu. Nimejaribu kulikumbuka shairi lote, limenitoka. Nikajiambia, si kitu, liko kwa Fundi Anselmo. Nililala kwenye mahandaki nikijiambia hivyo."

Anselmo akasogea, akaikinga rafu.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Rafu ina vumbi."

Duarte alipotoka, Anselmo alisimama mbele ya visanduku akiwa hana hata neno moja kamili kichwani. Lakini mkono wa kulia ulinyanyuka. Ukaenda kisandukuni, ukachukua herufi. Ukaenda kwingine. Hakuuongoza. Mkono uliolipanga shairi mara tatu kwa manung'uniko ulikuwa umelishika lote, na sasa ulikuwa unalirudisha. Anselmo aliogopa kupumua asije akaukatiza. Alitazama tu, machozi yakimdondoka kwenye aproni, mistari ikirudi mmoja baada ya mwingine, tramu, winchi, mtoto aliyelala.

Ulipomaliza mstari wa thelathini na nane, mkono ukasimama.

Mstari mpya wa thelathini na tisa aliupanga mara moja tu, nao ulikuwa umeufuta ule wa zamani. Aliubomoa akizungumza bei ya karatasi. Alingoja saa nzima, mkono haukwenda popote. Ukaruka, ukapanga wa arobaini, ukashuka.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, ndugu zangu. Duarte hakujua lolote. Hakukumbuka shairi lake. Mtu aliyepanga herufi miaka arobaini anaweza kutunga mstari mmoja wa kuziba pengo, na Anselmo aliutunga, tena mzuri. Aliupanga, akautazama Ijumaa yote. Jumamosi asubuhi akautoa.

Duarte alipokuja alisoma ukurasa kwa kidole. Kilipofika kwenye pengo kikatulia.

"Nilivunja ahadi," Anselmo akasema. "Nililibomoa lote kwa ajili ya kalenda. Mkono umenirudishia mistari thelathini na tisa. Ule uliouandika siku unaondoka, nimeupoteza. Nilitaka kukudanganya, nikashindwa."

Duarte alitoa miwani, akaifuta, akaivaa. Nje tramu ilipita.

"Tulikwenda watatu, Fundi, nikarudi peke yangu," akanong'ona. "Acha nafasi ya mstari mmoja. Usiizibe."

Toleo la tatu na la mwisho la Dirisha lilichapwa hivyo. Likasomwa ukumbini, na kwa kuwa Duarte hakuwa na sauti, alimwomba Anselmo asome. Waliokuja walikuwa wengi, na baadhi walikuja kucheka kama zamani. Fundi alisoma amevaa aproni yake. Kufika winchi, hakuna aliyecheka. Kufika kwenye nafasi, alinyamaza muda wa mstari mmoja.

Ukumbi mzima ulinyamaza naye. Mzee mmoja wa nyuma alivua kofia. Mama mmoja akasimama, bila kuambiwa, na waliokuwa karibu naye wakasimama, kisha wote. Anselmo akasoma mstari wa mwisho kwa watu waliosimama.

Mwandishi wa gazeti, mmoja wa wale waliotaka vijana wapelekwe kwa vichaa, alimfuata mlangoni.

"Fundi, tafadhali, pale uliponyamaza, pameandikwa nini?"

"Sijui, bwana," Anselmo akajibu. "Mimi ndiye mtu pekee aliyeushika mstari ule mkononi, na sikuusoma."

Funzo: Usibomoe kazi ya mtu kwa sababu hujaielewa bado. Isome kwanza kwa moyo, maana kuna kitu kikishapita mkononi mwako bila kukitazama, hata mkono wenyewe hauwezi kukurudishia.