Nyumba ya Magurudumu ya Ngiri

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama waliendesha magari na binadamu wakiwapisha barabarani, palikuwa na Pimbi na mkewe. Wewe uliyecheka, cheka umalize, nasubiri. Umemaliza? Haya.

Pimbi huyu alikuwa mdogo, kimo cha sufuria ya ugali, lakini alikuwa na pango kwenye jabali ambalo kila mnyama alilitamani. Jua likiwaka, ndani baridi. Mvua ikinyesha, ndani pakavu. Mama yake alizaliwa humo, naye akazaliwa humo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: pango halitembei. Na Pimbi alikuwa na uchu wa kutembea, aione milima, afike kwa wakwe zake akipiga honi.

Ngiri akaujua uchu huo. Ngiri, pande la mnyama, meno yametoka nje ya mdomo, alikuwa na nyumba ya magurudumu: gari refu lenye kitanda, jiko, sinki na mapazia ya maua. Akaliegesha chini ya jabali, akafukiza udi humo ndani mpaka Pimbi akahisi yuko harusini. Akaapa kwamba gari halijawahi kupata hata mkwaruzo. Basi wakabadilishana, Pimbi akatoa pango, Ngiri akatoa gari, wakapeana mikono mbele ya Twiga, mjumbe wa mtaa.

Pimbi akahamia kwenye gari pamoja na mkewe, ambaye alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Mawingu ya masika nayo yalikuwa yameanza kujikusanya.

Mwanzoni gari lilinukia udi. Udi ulipoisha, likaanza kunuka tope. Bi Pimbi akasugua sakafu, akafua mapazia, harufu iko vilevile. Mumewe akamwambia labda ni mimba inamsumbua pua. Bi Pimbi akamjibu kwamba mimba iko tumboni, pua zake hazijambo, na yeye afungue zake.

Pimbi akafungua zake. Kisha akaanza kuchunguza. Akaweka chungwa mezani, chungwa likabingirika lenyewe mpaka mlangoni. Akatoka nje akagonga ubavu wa gari kwa mbele: ngaa! Akagonga nyuma: bu. Akarudi mbele, ngaa. Nyuma, bu. Mbele ni bati, sasa huko nyuma ni kitu gani? Akakwangua rangi kwa ukucha, ikabanduka puti, ile ya mafundi wa bodi ya kuzibia palipobonyea, nene kuliko bati lenyewe.

Wakati huohuo akasikia kitu kikikwaruza ndani ya ukuta. Kwaru, kwaru. Akaingia, akabandua ubao kando ya kitanda. Akatoka Kaa, macho juu, amekasirika.

"Siku hizi hodi haipigwi?" Kaa akauliza.

Pimbi akaduwaa. Kaa ni wa mtoni, na mto uko kule bondeni. "Umefikaje ukutani kwangu?"

"Kwako? Mimi nilihamia humu gari likiwa chini ya maji. Masika iliyopita mto ulilibeba, ukalibamiza kwenye mwamba, likakatika vipande viwili. Ngiri akalivuta, akaliunga kwa kuchomelea, akapaka puti, akapaka rangi. Mimi nikafungiwa ndani. Kama hunisadiki, tazama chini ya kitanda hiki."

Pimbi akajipenyeza chini ya gari, akalala chali. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imeungwaungwa, na kutu imekwisha kuanza kuila. Mkewe alikuwa akilala juu ya hapo kila siku. Pimbi akalia, siwafichi. Alilia kwa hasira na kwa aibu, maana mtoto alikuwa njiani na pango la mama yake alilitoa kwa mikono yake mwenyewe.

Akaenda kwa Ngiri kumwomba warudishiane. Ngiri alikuwa amejinyoosha pangoni, miguu juu. Akasema gari lilitoka kwake likiwa zima, na kama lina ubovu, basi Pimbi ameuleta yeye. Halafu akaanza kunoa meno yake kwenye jiwe, kwi, kwi, kwi, ili maneno yaishie hapo. Yakaishia hapo.

Lakini Pimbi, njiani kurudi, akakumbuka jambo. Nchi ile ilikuwa na desturi: nyumba ikihama mikono, aliyeitoa lazima ale humo chakula cha kwanza mbele ya mjumbe. Asipokula, nyumba bado ni yake, na kila mtu anachukua chake. Pimbi alikwisha kula pangoni siku ileile ya kubadilishana. Ngiri, kila akialikwa kwenye gari, alikuwa na udhuru. Leo jino, kesho msiba wa binamu. Pimbi alidhani ni mtu wa shughuli nyingi. Kumbe anaogopa kupanda kule nyuma palipoungwa!

Akaenda moja kwa moja kwa Twiga. Twiga akatuma salamu kwa Ngiri: kesho mchana aje ale, la sivyo arudishe pango.

Ngiri akaja, uso umekunjamana. Bi Pimbi akapakua ndizi za nyama, kisha mumewe akamtaka ashuke akapumzike kivulini. Mgeni akakaribishwa kitandani huko nyuma, mahali pa heshima. Twiga, kwa kuwa haenei, aliingiza kichwa dirishani. Ngiri akanyakua tonge haraka haraka ili amalize aondoke.

"Ngoja kidogo, mzee wangu," Pimbi akasema. "Pangoni tulikula tumetulia, kwa sababu kazi ya pango ni kutulia. Kazi ya nyumba hii ni kutembea. Mjumbe, si haki tule ikitembea?"

Twiga akatafuna, akafikiri, akasema ni haki. Pimbi akapanda juu ya mito iliyopangwa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani. Vuuuum!

Barabarani palikuwa tambarare. Ngiri akatulia, Twiga akawa anakimbia ubavuni, kichwa kikiwa ndani bado. Ngiri akainua tonge. Ndipo Pimbi akakata kona, akashika njia ya mawe iteremkayo mtoni. Chini ya kitanda kukaanza kulia: kwich, kwich.

Tonge likasimama hewani. "Unakwenda wapi?"

"Mtoni, mzee. Tunavuka."

"Rudi."

"Kwa nini? Si gari zima?"

"Zima, lakini rudi, nakwambia." Kwich, kwich. Kwaaa!

Tonge likaanguka. "Simama! Litakatika!"

"Litakatika wapi, mzee?"

"Hapahapa nilipokaa! Hapa ndipo lilipokatika mtoni!"

Pimbi akakanyaga breki. Twiga akaacha kutafuna. Ngiri akaziba mdomo kwa kwato, lakini maneno yalikwisha toka, na masikio ya mjumbe yalikuwa mlemle ndani.

Twiga akamtazama Ngiri, akalitazama tonge sakafuni. "Umekula?"

Ngiri akainama kuliokota.

"Hukula. Basi nyumba hii ni yako, na ubovu wake ni wako. Pango ni la Pimbi, na lirudi leo."

Ngiri akatazama meno yake, akatazama urefu wa Twiga, akashuka. Jioni ile Pimbi na mkewe walikuwa jabalini kwao. Mvua ya kwanza ikapiga, pa pa pa, na Bi Pimbi akajifungua salama mahali pakavu, huku sauti ya Ngiri ikisikika kutoka bondeni akiita mtu wa kumsaidia kusukuma gari.

Nanyi, watoto, mtu akikuuzia kitu ambacho mwenyewe anaogopa kukipanda, muulize sababu kabla hujampa mkono.