Vikaratasi vya Shafiq

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Wahenga walituonya tusiutupe mkeka wetu mkuukuu kwa kutamani msala wa mpita njia, kwani akishapita hatubaki na kitu. Umulisa aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, hata akaipatia katika mtihani, na bado haikumsaidia.

Mwanzoni mwa mwaka 1994, yeye na Shafiq walikuwa wanafunzi watafiti katika makumbusho madogo ya Kiyovu, Kigali. Walitunza wadudu wa majini, mabuu ya kereng'ende na jamaa zao, kila mmoja katika kichupa cha spiriti pamoja na kikaratasi kilichoeleza alitoka mto gani, lini, na nani alimvua. Shafiq, mtoto wa mshonaji wa mtaa wa Biryogo, ndiye aliyewavua karibu wote, matope yakimfika magotini. Vikaratasi aliviandika kwa penseli, tena kwa mwandiko wa kuku.

Mwezi Machi walitangaziwa ugeni wa profesa kutoka ng'ambo. Umulisa alikuwa na mwandiko mzuri na alijua hivyo. Alinunua kalamu ya wino, bic ya buluu, akanakili vikaratasi vyote upya, vya zamani akavichoma moto.

"Dada, umefanya nini?" Shafiq alishtuka. "Penseli haiogopi spiriti. Bic itayeyuka!"

"Wivu tu huo. Mwandiko wako utamkimbiza mgeni."

Shafiq akacheka. "Haya. Wiki ijayo tutaandika tena. Mito yote iko kichwani mwangu."

Wiki iliyofuata ilikuwa Aprili, na mauaji ya kimbari yakaanza. Shafiq aliuawa mlangoni kwao kwa kukataa kuwatoa majirani aliowaficha. Nyumba ikateketezwa.

Umulisa alinusurika kwa kukimbilia Burundi. Septemba alikuwa amerudi, akifagia vioo vilivyovunjika katika makumbusho, Mama Shafiq alipoingia.

"Mwanangu, kwangu kuliungua kote. Hakuna picha, hakuna daftari. Alisema kazi yake iko hapa. Nipe hata karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake, niiweke ndani ya msahafu."

Umulisa aliuweka ufagio chini. Alifungua kabati. Vichupa vilikuwa vizima, lakini spiriti imegeuka buluu na vikaratasi vimekuwa vyeupe pe. Alijaribu kimoja, kingine, na kingine, mpaka vidole vikamwasha. Wadudu hawakuwa tena na mto, wala tarehe, wala aliyewavua.

"Zilikuwepo, Mama," alisema huku akilia. "Nilizichoma mimi. Mwandiko wake niliuona mbaya."

Mama Shafiq alikinyanyua kichupa kimoja kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu alimshika yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Basi nipe huyu."

Alikifunga katika pindo la kitenge, akaondoka. Profesa hakuja hata siku moja. Hawakukosea waliosema: usitupe mbachao kwa msala upitao.