Mji Usioulizwa Njia

Palikuwa na Nawabu mmoja huko Bara Hindi, jina lake Jahandar, mwenye mji mkubwa hata yeye mwenyewe alikuwa hajamaliza kuutembea. Siku moja, akiwa roshanini, alimsikia msafiri akimwambia muuza karanga, "Samahani, jumba la Nawabu liko wapi?" Na jumba lilikuwa mbele ya pua yake! Nawabu akaona ametukanwa. Jioni ile ngoma ikapigwa: mtu yeyote, awe mgeni, awe mwenyeji, awe mkubwa, awe mdogo, atakayeuliza njia katika mji huu atafagia banda la tembo mwaka mzima. Na tembo walikuwa mia moja, wote wenye afya njema na choo kizuri.

Basi mji ukavurugika, jamani. Bwana harusi mmoja aliingia nyumba siyo, akaozeshwa binti siye, na kwa adabu zake akanyamaza. Mzee mmoja alitoka kwenda kunyolewa ndevu. Aliponyolewa akapotea, na zikaota upya hadi kifuani kabla hajaiona nyumba yake. Pale steshenini walikuwapo wasafiri walioshuka garimoshi tangu mwaka juzi. Wamejenga, wamepanda bamia, sasa wanagombania mipaka.

Hapo ndipo aliposhuka Bi Somoe, mpishi wa Kilwa. Alikuwa amepika miaka kumi na mitano kwa tajiri wa Kihindi, hata lugha yao akawa anaiotea ndoto. Binti yake, Mwanashehe, aliolewa na fundi cherehani wa Mtaa wa Wapiga Pamba katika mji ule, na barua ilisema mimba ya kwanza iko mwezi wake. Bi Somoe akafunga kibunda cha khanga na chupa ya mafuta ya nazi, akavuka bahari na nchi. Kilichobaki ni mitaa tu.

Akamshika mkono mchukuzi mmoja. "Mwanangu, hivi Mtaa wa Wapiga Pamba..."

Mchukuzi akamziba mdomo kwa kiganja. "Mama, usimalize!" Akamnong'oneza habari ya sheria, na habari ya tembo.

Bi Somoe akashika kiuno. Amekuja mbali kote huku, mtoto azaliwe yeye akipalilia bamia steshenini? Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akatua kibunda chini, akainua mikono, akapaza sauti: "Alhamdulillahi! Nimefika Mtaa wa Wapiga Pamba!"

"Umefika wapi?" muuza chai akaruka. "Mama, hapa steshenini! Wapiga Pamba ni ng'ambo ya mto!"

"Mji huu hauna mto," akasema Bi Somoe.

"Hauna mto! Nenda moja kwa moja mpaka msikiti mweupe, ukunje kushoto, uone kama hutalowa!"

Akaenda, akakunja, akauona mto. Akasimama ukingoni. "Masikini, mto mzuri hivi, na daraja hawana!"

Watu sita wakamgeukia kwa hasira, wote wakinyoosha vidole upande mmoja. Ng'ambo ya daraja akamsifu mkaanga sambusa kwa jinsi anavyopiga pamba ya magodoro vizuri. Mkaanga sambusa nusura alie. Akaliacha karai motoni, akamfuata hatua ishirini akimwelewesha. Kila kona Bi Somoe akakosea, kila kona akasahihishwa, hata akawa na msafara nyuma yake, watu wazima wakibishana nani amsahihishe kwanza.

Ulipobaki mtaa mmoja, akamwona askari. "Huu ndio Mtaa wa Wapiga Pamba," akamwambia.

"Siyo, ni unaofuata," akasema askari. Kisha akaduwaa. Kisha akamkamata.

Nawabu alikuwa amekaa juu ya mito saba, waziri wake pembeni.

"Ewe mwanamke, umeuliza njia katika mji wangu!"

"Sijauliza, bwana mkubwa. Nimesema uongo."

"Uongo?"

"Mara kumi na moja tangu asubuhi. Kama mnayo sheria ya uongo, nihukumuni kwa hiyo."

Nawabu akamtazama waziri. Waziri akakohoa. "Hatuna, bwana. Tulijaribu kuitunga, tukaona tutabaki bila baraza."

"Lakini watu wamekuonyesha njia!"

"Wamenibishia, bwana mkubwa. Mimi mgeni, nitawazuiaje wenyeji kubisha?"

"Mji wangu haudanganywi na mgeni!"

"Basi niruhusu niende zangu." Akachukua kibunda, akainama kwa heshima, akauendea mlango wa hamamu ya Nawabu.

"Siyo huko!" Nawabu akapiga kelele. "Mlango ni huu wa kushoto!"

"Ahsante, bwana mkubwa. Mara kumi na mbili."

Baraza likajing'ata midomo. Niwaambieni mapema, msije mkakosa raha baadaye: mjukuu alizaliwa kesho yake, mtoto wa kike, akapokelewa na mikono ya bibi yake. Lakini saa ile Bi Somoe hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba Nawabu amevimba, mshipa umemtoka kwenye paji la uso.

"Hutoki!" Nawabu akanguruma, akaruka kutoka kwenye mito. "Mitaa elfu mbili! Vichochoro visivyo na idadi! Nimezaliwa humu nami sijawahi kufika huko! Hebu sema, mwanamke: kutoka steshenini mpaka Wapiga Pamba, mtu anapita wapi?"

Waziri akafumba macho.

Bi Somoe akakitua kibunda taratibu, akamgeukia askari aliyemkamata.

"Mwanangu, mpe bwana mkubwa fagio. Ila banda la tembo lilipo usimwambie. Na kuuliza, mwenyewe anajua, ni marufuku."