Neno la Bibi Elspeth

Hapo zamani, zamani ambazo bado zinakumbukwa, huko Uskoti aliishi bibi mmoja mzee aitwaye Elspeth. Kiharusi kilimpoozesha mikono na kumnyang'anya Kiingereza alichofundishwa shuleni. Akabaki na Kiskoti cha utotoni, nacho kijijini pale walikijua wachache. Aliyemuuguza ni Zuwena, mwanamke wa Pemba.

Siku moja ukungu ulishuka, na mjukuu wa Elspeth, Ishbel, mtoto mdogo wa miaka minne, akapotea. Watu wakakimbilia mtoni kumtafuta. Elspeth alikuwa amelala karibu na dirisha la nyuma, akirudia maneno yale yale. Mkwewe Morven, mama yake Ishbel, mzaliwa wa London, alisikia "greetin", akadhani bibi anatoa salamu. Neno la mwisho hakulishika kabisa.

Zuwena alilishika. Sauti ya mwisho ya neno hilo huwashinda wengi, lakini yeye amekua akisema kheri na akhera. Akalitamka lilivyo: shukh. Maana yake hakuijua.

Wa kuulizwa alikuwa Dougal, mchunga kondoo mzee aliyekijua Kiskoti hicho, ila Dougal ni kiziwi. Morven akamwandikia mlangoni kwa mkaa, kama masikio yake yalivyomwambia. Dougal akasoma, akatikisa kichwa. Ndipo mwalimu Fergus akamwomba Zuwena atamke tena, na tena. Maana hata yeye hakuijua, lakini alijua Waskoti huiandikaje sauti ile. Akafuta, akaandika upya: The bairn's greetin in the sheuch.

Dougal alisoma mara moja tu. "Mtoto analia mtaroni," akasema, na tayari alikuwa anakimbia.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mtaro wa zamani uliofunikwa na majani. Wakamkuta Ishbel humo, matope yamemfika kifuani, baridi imeshamnyamazisha. Lakini alikuwa hai.

Jioni Morven akatoa shali ya sufu aliyoifuma mama yake Elspeth kwa mkono wake. Ilikuwa hiyo moja tu. Akawashika mikono mmoja mmoja kuwashukuru huku machozi yanamtoka. Mwisho akasema shali ni ya aliyemrudisha mwanawe.

"Mimi nilibeba neno nisilolijua," alisema Zuwena. "Mpeni mzee Dougal, yeye ndiye aliyelielewa."

Dougal alipoandikiwa hayo, alikataa. "Kabla Fergus hajaandika, mimi nilikuwa nasoma upuuzi. Mtoto angefia pale nami nimesimama mlangoni."

Fergus aliitazama shali, wala hakuficha hamu yake. "Ningeipenda," alisema. "Lakini niliandika kilichotoka kinywani mwa Zuwena. Angekosea yeye, ningekosea mimi."

Elspeth aliwatazama wote watatu, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Ishbel alikuwa ameshasinzia, kajifunika shali hiyo hiyo wanayogombea kuikataa.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: aliyelitamka neno, aliyeliandika, au aliyelielewa, asubuhi mtoto akiamka, shali apewe nani?