Mitoo Isiyo Mitoo

Mwaka huo mvua ilichelewa Chepseon, na Danson akaishiwa mapema na nepia, nyasi za kulishia ng'ombe. Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, Malaika, mwenye mimba kubwa, na nyumba nzima ilimtegemea azae ndipo maziwa yarudi. Malaika hakutoka zizini. Alikula alicholetewa.

Siku moja Danson alikuta kando ya mto kichaka kilichochanua maua ya njano. "Mitoo!" akasema moyoni. Mboga inayoliwa na watu itamdhuruje ng'ombe? Akafyeka mzigo mzima.

Mkewe, Bilhah, aliutazama mzigo kwa shaka. "Baba Shirley, mitoo ya sokoni siyo hivi. Muulize jirani yetu Chemutai. Watu wa kwao wameila tangu utotoni."

"Nikamuulize mboga? Nimezaliwa hapa, nikalelewa hapa, leo niulize kama mtu aliyeshuka jana kutoka Nyeri kwa babu zetu? Watanicheka!"

Malaika aliyanusa yale majani, akageuza kichwa. "Anadeka huyu," Danson akasema. Akayapitisha kwenye mashine ya kukatia nyasi, akayanyunyizia molasi. Maskini Malaika! Sasa hangeweza kuchambua kibaya na kizuri, na utamu ulimvuta. Akala, akamaliza, na Danson akaendelea kufyeka mengine wiki baada ya wiki.

Kisha akaanza kukonda hadi mbavu zikahesabika. Daktari wa mifugo alikuja, akampapasa, akasema ini limeharibika na dawa haingesaidia tena. Malaika alikufa na ndama tumboni. Danson alilia waziwazi mbele ya mkewe, wala hakuona haya.

Chemutai alipokuja kuwapa pole, aliona mashina yaliyosalia kando ya zizi. Akaokota moja.

"Woi, Baba Shirley! Hii si mitoo. Mitoo kila kikonyo kina vijani vitatu vyembamba. Hii ina jani moja pana. Maua ndiyo yanafanana. Hii ni sumu, sisi hata mbuzi tunamfukuza hapo." Akalitupa lile shina. "Mbona hukuniuliza, na ni ua tu unaotutenganisha?"

"Niliogopa mtanicheka," Danson akajibu.

"Tungekucheka, ndiyo," Chemutai akasema kwa upole, "halafu tungekuonyesha."

Kicheko cha jirani hakijawahi kuua ng'ombe, lakini aibu ya Danson ilimuua Malaika na ndama wake. Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga.